Mdudu Asiyealikwa Kwenye Tangi la Samaki: Mtambue kwa Anavyopumua, Kisha Mtoe

Mfugaji wa samaki wa mapambo humgundua mgeni kwa njia mbili. Anawasha taa ya tangi asubuhi na kukuta kitu chenye miguu sita kimejishikiza kwenye jani, kimetulia tuli. Au anahesabu vifaranga wake wa gapi na kuona wanapungua siku hadi siku, na chini ya tangi hakuna mzoga hata mmoja. Hapo mkono huenda moja kwa moja kwenye kopo la dawa ya kupuliza. Naomba uurudishe mkono huo. Karibu kila mdudu anayeingia kwenye tangi la maji baridi anaweza kutolewa kwa wavu, tochi na subira, ilhali dawa ya wadudu itakuachia maji yasiyo na mdudu wala samaki.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: mtazame mdudu anavyopumua. Wadudu wa majini wana asili ya nchi kavu, na kila jamii ina njia yake ya kupata hewa ikiwa ndani ya maji. Ukiijua njia hiyo, umejua huyo ni nani, ana hatari gani, hujificha wapi na atanaswa vipi. Rangi na ukubwa vinadanganya, kwa sababu mdudu yuleyule hubadilika rangi kufuata mimea aliyomo, na mdogo wa leo ni mkubwa wa mwezi ujao. Upumuaji wake haubadiliki ovyo.

Kabla ya yote, dawa ikae mbali

Dawa nyingi za kupuliza mbu na mende, pamoja na zile za mduara za kuchoma usiku, zina pareto au kemikali zilizoundwa kwa kuiga pareto. Ua hili tunalifahamu. Linalimwa Mufindi, Nakuru na Musanze. Mwili wa binadamu huivunja sumu yake upesi. Samaki hana uwezo huo, na kiasi kidogo mno ambacho hukioni wala kukinusa majini kinatosha kumaliza tangi zima. Kamba wadogo wa mapambo ndio hutangulia kufa.

Watu wengi wanajua kwamba hawapaswi kupuliza dawa juu ya tangi, lakini wanasahau pampu ya hewa. Pampu ile huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini usiku kucha. Ukichoma dawa ya mbu kwenye chumba chenye tangi, moshi unaingizwa majini kupitia kile kipira chembamba hata kama kifuniko kimefungwa vizuri. Kwa hiyo kama ni lazima chumba kipulizwe, zima pampu, funika tangi lote kwa nailoni mpaka chini ya ukingo, puliza, toka, kisha rudi ufungue madirisha na uache hewa izunguke vya kutosha kabla ya kufunua na kuwasha pampu tena. Usiiache imezimwa kutwa nzima, maana tangi lenye samaki wengi huishiwa hewa. Na kwa walio mahali ambako hupita kazi ya upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, ile dawa ya mbu inayobaki ukutani, tangi dogo litolewe nje ya nyumba kabla wapuliziaji hawajaingia. Tangi kubwa lifunikwe na wapuliziaji waambiwe mapema.

Mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu nayo yamo katika hesabu hii. Nawa mikono mpaka kwenye kiwiko kabla ya kuizamisha. Dawa za samaki zenye shaba pia usizitumie kwa kazi hii: zinaua kamba na konokono wako, na tunutu wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini, anabaki anakutazama.

Hatua ya kwanza: mtazame usiku

Mchana wadudu wengi wa majini hujificha. Zima taa ya tangi, zima na ya sebuleni, subiri kama nusu saa. Zima chujio kwa dakika chache ili uso wa maji utulie. Kisha washa tochi na uielekeze kwa ubavu kwenye kioo, si kutoka juu, maana mwanga wa juu hurudi machoni mwako. Anza na uso wa maji, shuka kwenye mimea, malizia kwenye changarawe na pembe za tangi. Usiharakishe. Mahali unapotazama kwa dakika mbili bila kuona kitu ndipo jani litakaposogea.

Ukimwona, jiulize maswali haya tu. Je, anapanda juu kuvuta hewa? Kama anapanda, huning'inia hapo juu au huja mara mojamoja akitanguliza makalio? Kama hapandi kabisa, ana vijani au vinyuzi mkiani? Ukishindwa kumwona vizuri, mchote pamoja na maji ya tangi umweke kwenye beseni jeupe au bakuli la plastiki jeupe. Juu ya weupe hana pa kujificha.

Hatua ya pili: soma pumzi yake

*Anayening'inia chini ya uso wa maji* ni kiluwiluwi wa mbu. Ukipitisha mkono juu ya tangi na kivuli kikampitia, hujinyonganyonga kwenda chini, kisha hupanda tena. Tofauti ya mbu na mbu unaiona hapohapo: viluwiluwi wa mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, na wa Culex, anayeeneza matende na mabusha, huning'inia kwa mshazari, kichwa chini, mrija wa kupumulia ukiwa umegusa uso wa maji. Kiluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hana mrija huo, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji. Kwa samaki, viluwiluwi wote hawa ni chakula bora. Hatari yao ni kwa wenye nyumba, na nitalirudia hilo kwenye habari ya ndoo.

*Anayepanda mara mojamoja akitanguliza makalio* ni wa kumwogopa. Huenda ni lava wa mbawakawa wa maji: mwili mrefu wa kahawia, kichwa bapa, taya mbili zilizopinda zilizo na mfereji ndani. Humchoma kifaranga, humwingizia maji ya kumeng'enya nyama, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Ukikuta kifaranga aliyebaki ngozi na macho tu, mshuku huyu kwanza. Mbawakawa mzima naye, yule wa mviringo laini mwenye miguu ya nyuma yenye nywele za kupigia kasia, huja juu kuchukua hewa anayoibana chini ya mabawa yake magumu, mara nyingine ukiona povu dogo linang'aa mkiani. Naye hula nyama.

Katika kundi hilihili yumo kunguni-maji mkubwa. Ni bapa, rangi ya jani lililokauka, miguu ya mbele imenenepa kwa ajili ya kukamatia, na nyuma ana vijimrija viwili vifupi vya kuvutia hewa. Aina kubwa hufikia sentimita 7 na hata kuzidi, na humkamata samaki anayelingana naye. Usimshike kwa mkono mtupu kamwe. Anachoma kwa mdomo wake wa sindano, na maumivu yake watu hawayasahau. Zipo aina ndogo ambazo dume hubeba mayai mgongoni, yamepangwa kwa safu. Ukimwona aliyejaa vitu vyeupe mgongoni usidhani ni ugonjwa, ni baba anayelea.

*Anayeogelea chali* anatambulika bila shida: tumbo juu, mgongo chini, miguu miwili mirefu ikipiga kasia. Ni mdogo, mara nyingi chini ya sentimita moja na nusu, lakini huua vifaranga na huchoma kidole kwa ukali unaokaribia wa nyuki. Ana ndugu anayefanana naye sana ila huogelea kifudifudi. Huyo zaidi hula mwani na mabaki, hana ugomvi na mtu.

*Asiyepanda kabisa* ndiye mwizi wa kweli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiye anayewapotezea watu vifaranga kwa wiki kadhaa bila kujulikana.

Tunutu wa kereng'ende hapumui hewa ya juu. Huvuta maji kupitia sehemu ya haja na kuyatoa tena, na ndani ya utumbo wa nyuma ndiko kuliko na matamvua yake, yaani viungo vya kupumulia majini. Ukimmulika kwa tochi akiwa ametulia kwenye changarawe, tazama takataka ndogo zilizo nyuma ya mkia wake: zinasogea ndani, zinarudi nje, zinasogea ndani, zinarudi nje, huku mwili wote haujatikisika. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu rangi yake huwa imeshafanana na matope. Ukimgusa kwa kijiti hutoa maji yale kwa nguvu na kuruka mbele ghafla. Chini ya uso wake kuna mdomo uliokunjwa, wenye kulabu mbili mwishoni. Kifaranga akipita karibu, mdomo ule hukunjuka na kurudi naye haraka kiasi kwamba jicho linaona kifaranga ametoweka tu. Ndiyo maana hakuna mzoga.

Yupo mwembamba wa jamii hiyohiyo, mtoto wa wale kereng'ende wadogo wanaokunja mabawa wakitua. Huyu mkiani ana vijani vitatu, navyo ndivyo matamvua yake. Wengi humdhania ni kamba mchanga au kifaranga wa samaki, wakamlisha. Hesabu vijani: vitatu, basi si samaki.

Amefikaje? Majike wa aina nyingi huchana shina la mmea na kuingiza yai ndani yake. Unaweza kuuosha mmea mara tatu, ukaukagua jani kwa jani, usione kitu, na baada ya wiki kadhaa tunutu wakaanza kuonekana. Wengine hudondosha mayai majini moja kwa moja. Mmoja wao ni Pantala flavescens, kereng'ende wa rangi ya dhahabu anayefuata mvua. Wanasayansi wanaamini makundi yake huvuka Bahari ya Hindi kutoka India na kufika pwani yetu kwa upepo wa kaskazi. Huzaliana kwenye madimbwi ya mvua na tunutu wake hukua kwa kasi, wiki chache tu zikitosha. Beseni lako la mimea barazani kwake ni dimbwi kama dimbwi jingine.

*Mnyoo mwekundu anayejipindapinda kwenye uchafu* si mnyoo. Ni lava wa usubi wasiouma, ndugu za wale wanaopanda kwa mawingu juu ya Ziwa Victoria. Wekundu wake unatokana na himoglobini, ya jamii moja na ile iliyo kwenye damu yetu, inayomsaidia kuishi kwenye tope lisilo na hewa nyingi. Hujenga vijumba vya vumbi kwenye kioo na kwenye sponji ya chujio. Waache waliwe na samaki. Wakizidi sana, ujumbe wao ni kwamba chakula kinabaki na changarawe ni chafu.

*Wanaotembea juu ya maji bila kuzama*, weupe au wa kijivu, wanaoruka ukiwapulizia, hula ukungu na majani yaliyooza. Hawana neno. Ukiona vidukari, weusi au wa kijani, wamejazana kwenye majani ya mimea inayoelea, zamisha mmea ndani ya maji kwa kijiti mara kadhaa kwa siku, watakaobanduka wataliwa.

Wasio wadudu

Vijidudu vyeupe vinavyorukaruka majini kwa mdundo, vidogo kuliko kichwa cha pini, ni jamii ya kamba wadogo sana. Vifaranga huwala. Ruba mtoe kwa kibanio. Hao sitawaongelea zaidi.

Lakini konokono wa porini siwezi kumpita. Kama mimea yako umeichuma kando ya Ziwa Victoria, kwenye bwawa, mfereji wa mpunga au mto wenye maji ya polepole, huenda imekuja na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu akiwa majini. Vaa glavu ndefu za mpira unapochuma na unapoosha. Toa kila konokono unayemwona, kisha iache mimea kwenye ndoo siku 2 kamili kabla ya kuigusa kwa mkono mtupu, kwa sababu vimelea vilivyokwisha kutoka kwenye konokono haviishi zaidi ya muda huo. Lakini konokono mmoja aliyebaki kwenye ndoo hiyo anatosha kuendelea kuvimwaga, kwa hiyo kagua upya siku ya pili. Watoto ndio hupenda kuchezea ndoo za samaki. Waambie kwa nini hii haiguswi.

Hatua ya tatu: mtoe

Waokoe vifaranga kwanza. Waweke kwenye kisanduku cha plastiki au ndoo safi yenye maji ya tangi lilelile na jiwe la hewa. Ukishawaweka salama huna sababu ya kuhangaika, na mtu asiyehangaika humnasa mdudu.

Wanaokuja juu kupumua, wakamate juu. Zima pampu na chujio, kaa na wavu mkononi upande ambao mara ya mwisho alipanda. Lava wa mbawakawa na kunguni-maji hawana budi kurudi juu. Usimfukuze majini, kwa sababu anakushinda kwa mbio. Weka wavu chini yake akiwa ametulia usoni, kisha inua. Wavu uwe mgumu kiasi, na umtoe kwa kibanio kirefu. Viluwiluwi wa mbu unawachota kwa kichujio cha chai, asubuhi na jioni, na unaweza kuwapeleka moja kwa moja kwenye tangi la samaki wengine kama chakula.

Tunutu haji juu, kwa hiyo lazima umfuate aliko. Chukua beseni jeupe, jaza nusu maji ya tangi. Toa mmea mmoja, uutikise humo taratibu, uupitishe vidole kuanzia shinani hadi ncha, kisha uuhamishie kwenye ndoo ya pili. Fanya hivyo kwa kila mmea na kila kipande cha mti au jiwe. Baada ya hapo nyonya changarawe kwa mpira wa kunyonyea maji, ukiyamwaga kwenye ndoo nyeupe, na uyakague kabla ya kuyatupa. Malizia na chujio. Ndani ya sponji ndipo tunutu wadogo hupenda kukaa, kwa sababu maji yanawaletea chakula wenyewe. Kamulia sponji kwenye maji uliyotoa kwenye tangi, wala si kwenye bomba. Klorini ya bomba itaua bakteria wanaosafisha maji yako, na hapo utakuwa umeondoa tatizo moja na kuleta kubwa zaidi.

Ukimpata mmoja usishangilie. Mayai hutagwa mengi kwa pamoja, na ndugu zake wapo. Rudia ukaguzi wa tochi kila jioni na upekuzi wa mimea kila wiki, mpaka zipite wiki 4 bila kuona hata gamba. Magamba yenyewe yanasaidia: tunutu hujivua ngozi mara nyingi akikua, na ngozi hizo nyepesi zenye miguu hukusanyika kwenye mdomo wa chujio. Gamba likionekana nje ya maji, kwenye ukingo au kwenye waya wa taa, mmoja ameshatoka na kuruka.

Je, samaki hawawezi kumaliza kazi hii wenyewe? Kwa tunutu wachanga wanaweza, hasa samaki wakubwa kiasi kama mbuna wa Ziwa Nyasa au samaki malaika waliokomaa. Gapi mzima hammudu tunutu mkubwa, na mara nyingine ndiye anayeliwa mkia. Kununua samaki mkubwa na kumtia kwenye tangi la vifaranga ili amle tunutu ni kumleta mlaji wa pili.

Kwa viluwiluwi wa mbu pekee ipo dawa ninayoikubali, nayo ni bakteria anayeitwa kwa kifupi Bti. Aligunduliwa katika jangwa la Negev, Israeli, mwaka 1976. Kiluwiluwi akimla, utumbo wake huharibika na hufa. Samaki, kamba na mimea hawadhuriki. Viuadudu vya kibayolojia vya aina hii hutengenezwa hata Kibaha, mkoani Pwani. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Haviui pupa wa mbu, yaani hatua iliyo kati ya kiluwiluwi na mbu anayeruka, kwa kuwa pupa hali chochote, na havimfanyi lolote tunutu wa kereng'ende, kwa hiyo usivinunue kwa ajili yake.

Hatua ya nne: mimea mipya isiingie moja kwa moja

Mlango mkuu wa wadudu ni mimea. Ya dukani huja na mayai kama ya mtoni, hasa kama ilikuzwa kwenye bwawa la wazi.

Njia ninayoipendekeza kwa kila mtu ni karantini. Ndoo au beseni, maji, mwanga wa dirishani, wavu wa mbu juu yake uliofungwa kwa mpira au kamba, na wiki 4. Mayai yaliyo ndani ya mashina yataanguliwa humo, na kila wiki utatikisa mimea kwenye beseni jeupe na kuwatoa waliozaliwa. Ni njia ya polepole. Lakini ndiyo pekee inayomfikia yule aliye ndani ya shina, ambaye dawa ya kuloweka haimfikii.

Ukitaka kuharakisha kwa walio nje ya shina, kuna kuloweka mmea kwenye maji ya gesi yasiyo na sukari, ladha wala chumvi, chupa ikiwa imefunguliwa muda huohuo, gizani, kwa saa 8 hadi 12. Hewa ukaa iliyojaa humo huwaangusha wengi wanaopumua ndani ya maji, na mmea mwingi huvumilia. Jiki hutumika pia: sehemu 1 kwa 19 za maji, dakika moja na nusu hadi mbili na si zaidi, kisha suuza kwa maji mengi na uloweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Mimea ya majani membamba na mosi (moss) huungua hata kwa muda huo, kwa hiyo mimi ningeiepusha nayo. Shabu ya sokoni, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 kwa siku 2 au 3, ni nzuri dhidi ya konokono na mayai yao. Usiitegemee kwa kereng'ende.

Gugu maji la ziwani liache ziwani. Mbali na usumbufu wake unaojulikana, wale mbawakawa wadogo wanaotoboa majani yake wengi wao ni kizazi cha waliopelekwa Ziwa Victoria makusudi miaka ya 1990 ili walile gugu hilo. Wana kazi yao huko.

Hatua ya tano: ndoo, taa na kifuniko

Sasa nirudi kwa mbu. Tangi lenye samaki wenye afya na maji yanayotikiswa na chujio halizalishi mbu. Kinachozalisha ni ndoo iliyo pembeni yake, ile ya kuachia maji ya bomba yatoke klorini kabla ya kubadilisha. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 tu. Ndoo iliyosahauliwa wiki mbili imeshatoa kizazi. Dar es Salaam ilipigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda vyombo vya namna hiyohiyo vya karibu na watu. Kuna pia Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa mijini kutoka Asia, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na baadaye kufika hadi Marsabit nchini Kenya. Naye huzaliana kwenye matangi na vyombo vya kuhifadhia maji.

Kwa hiyo ndoo ifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, imalizwe kila wiki, na ikimalizwa isuguliwe kwa brashi kuta zote. Kusugua ni muhimu kuliko kumwaga, maana Aedes hutaga juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai yake hukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja ujaze tena. Beseni la karantini, sahani ya chini ya chungu cha maua, na tangi la zamani lililoko nyuma ya nyumba lenye maji ya mvua vinahesabiwa humohumo.

Mbawakawa, kunguni-maji na yule anayeogelea chali wanaweza pia kuja wenyewe, kwa mabawa, usiku, hasa wakati wa masika. Huvutwa na mwanga, na tangi linalowaka karibu na dirisha wazi huliona kama maji ya mbalamwezi. Zima taa ya tangi jua likizama au mara tu baada ya chakula cha jioni, weka wavu dirishani, na funika tangi. Kifuniko cha kioo kinaacha upenyo kwenye mipira na waya. Ziba kwa kipande cha sponji au wavu wa chandarua. Kifuniko hichohicho kitamzuia kereng'ende asitage, na samaki wasiruke nje.

Uliyemnasa umpeleke wapi

Mbawakawa na kunguni-maji waliokuja kwa mabawa, watoe nje ya nyumba usiku, taa zikiwa zimezimwa. Tunutu wa kereng'ende aliyetoka kwenye mmea wa mtoni mrudishe kwenye maji yaleyale ulikouchuma mmea, au mweke peke yake kwenye ndoo yenye kijiti kinachotokeza nje ya maji, umlishe viluwiluwi wa mbu unaowachota. Hula wengi, na atakapokuwa tayari atapanda kijiti hicho. Wawili usiwaweke pamoja, watalana. Lakini kama mmea ulinunuliwa na asili yake hujui, usimwage ndani ya mto wala mtaro chochote kilichotoka nao: wadudu, konokono, maji wala vipande vya majani. Maji hayo yamwage kwenye udongo mkavu wa bustani mbali na mfereji, vipande vya mimea vianike juani mpaka vikauke kabisa ndipo vitupwe, na wavu na beseni ulivyotumia vianikwe navyo kabla havijaingia kwenye tangi jingine.